Mirihi mbele ya macho ya raia: tovuti zinazofundisha sayansi ya sayari

Elimu ya sayari haipatikani darasani pekee. Kupitia tovuti shirikishi, mtu asiye na shahada ya sayansi anaweza kutazama picha halisi za sayari ya Mirihi, kujifunza kuzisoma, na papo hapo kuwasaidia watafiti.

Mojawapo ya tovuti za awali ni Clickworkers, iliyoanzishwa na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, mwaka 2000. Watu wa kujitolea waliweka alama kwenye kingo za mashimo yaliyoachwa na vimondo katika uso wa Mirihi. Alama za wengi zilipojumlishwa, zilikaribiana na zile za mtaalamu.

Januari 2013 ulianza mradi wa Planet Four, katika jukwaa la Zooniverse, ambalo pia huwaalika watu kutambua wanyama waliopigwa picha katika hifadhi ya Serengeti nchini Tanzania. Picha za Planet Four hutoka kwa kamera ya HiRISE, iliyomo ndani ya chombo kinachoizunguka Mirihi tangu mwaka 2006.

Wakati wa baridi, ncha ya kusini ya Mirihi hufunikwa na barafu ya kaboni dioksidi. Majira ya kuchipua yanapofika, mwanga wa jua hupenya barafu hiyo na kupasha joto ardhi iliyo chini yake. Gesi hujikusanya, hupasua barafu na kurusha vumbi juu. Upepo ukivuma, vumbi huanguka likichora umbo la pepeo la kupepea moto. Hewa ikitulia, hubaki doa la mviringo.

Kazi ya mshiriki ni kuzungushia mistari maumbo hayo. Kila picha huonyeshwa kwa watu wengi, ili kosa la mmoja lirekebishwe na macho ya wenzake. Orodha ya kwanza ya matokeo, iliyochapishwa mwaka 2019, ilikuwa na maumbo zaidi ya 400,000.

Thamani yake ni hii: katika eneo hilo hakuna kituo cha hali ya hewa, hivyo michirizi ya vumbi ndiyo huwaonyesha watafiti upepo ulikoelekea. Naye mshiriki huondoka na elimu aliyoipata kwa kutenda: kwamba si kila barafu ni maji yaliyoganda.