Bunduki ya babu na bibi "mchawi"

Wadau, nikiwa mdogo kule Singida, bunduki ya babu, .22 ya kujipakia yenyewe, ilianza kukwamisha risasi. Kijiji kikamnyooshea kidole bibi mmoja jirani: mchawi huyo!

Kumbe tatizo hili ni la zamani. Winchester walipotoa .22 yao ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1903, waliiundia risasi zake maalumu za baruti isiyo na moshi, maana masizi ya baruti nyeusi yangeikwamisha.

Na ya babu? Fundi mwenye leseni aliifungua, akakuta nta ya risasi, masizi na vumbi letu la Singida vimegandana kwenye mafuta. Akasafisha, akapaka mafuta kiduchu, ikapiga.

Lakini bibi alikuwa ameshahama. Nani alimwomba radhi? Hakuna...