Kipimajoto Kilipogoma: Walipimaje Baridi Karibu na Sifuri Halisi?

Chukua kipimajoto cha zebaki, kitumbukize kwenye naitrojeni iliyo kimiminika. Hutasoma kitu. Zebaki huganda kwenye nyuzi -39 za Selsiasi, na naitrojeni hiyo iko -196. Spiriti nayo huganda karibu na -114. Sasa jiulize: waliotaka kusogelea -273.15, yaani sifuri halisi, walijuaje wamefika wapi?

Jibu lilikuwa gesi. Ukiifungia kwenye chombo kisichobadilika ujazo, kanieneo yake hushuka kadiri inavyopoa, kwa hiyo unapima kanieneo, unapata halijoto. Shida ni kwamba gesi ikikaribia kuwa kimiminika huacha kufuata hesabu hii rahisi. Ndiyo maana Heike Kamerlingh Onnes, wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alitumia heliamu, ambayo huchelewa kugeuka kimiminika kuliko gesi zote.

Tarehe 10 Julai 1908 alitaka kuigeuza heliamu yenyewe. Kazi ilianza alfajiri. Jioni kipimajoto kilishuka hadi kelvini 5 hivi, kisha kikagoma, hakishuki tena. Ilionekana kama jaribio limekwama. Profesa Schreinemakers, mwanakemia aliyekuja kutazama, akasema: huenda kipimajoto kimeshazama ndani ya kimiminika! Wakamulika chombo kutoka chini. Kumbe kweli, heliamu ilikuwa pale, ila haionekani kirahisi. Kipimajoto kiliona kabla ya macho.

Lakini kipimajoto cha gesi ni kikubwa na kinasumbua. Njia nyingine ilikuwa kupima ukinzani wa umeme kwenye waya wa platini, ambao hupungua kadiri baridi inavyozidi. Ukifika kwenye baridi ya heliamu, ukinzani huo karibu haubadiliki tena, kwa sababu ya uchafu ndani ya metali. Basi Onnes akachagua zebaki, kwa kuwa ni rahisi kuisafisha. Mwaka 1911, karibu na kelvini 4.2, ukinzani wake ukatoweka ghafla. Yaani ile zebaki iliyoshindwa kama kipimajoto ndiyo iliyofichua upitishaji umeme usio na ukinzani, ambao leo unaendesha sumaku za mashine nyingi za MRI hospitalini.

Baadaye wapimaji waligeukia kanieneo ya mvuke juu ya heliamu kimiminika. Kipimo cha kimataifa cha mwaka 1990 kinaitumia hadi kelvini 0.65. Chini ya hapo kuna kipimo cha mwaka 2000, kinachotegemea kanieneo ambayo heliamu-3 huyeyukia, na kinafika kelvini 0.0009.

Kwa hiyo ukisoma habari kwamba maabara fulani imefikia baridi ya ajabu, usiishie kwenye namba. Uliza: wamepima nini hasa hadi wakaipata?