Bonasi ya Disemba, Mvua ya Oktoba: Pesa ya Mkupuo na Kalenda ya Ukame Kitui na Makueni

Mwaka unapokaribia kuisha, wafanyakazi wa Kenya husomewa nasaha ileile. Kurasa za biashara magazetini, vipindi vya redio na semina za benki huwaambia walipe madeni, waweke akiba ya dharura, wasiimalize bonasi yote Krismasi. Nasaha yenyewe haina ubaya. Kasoro imo katika dhana inayoibeba, kwamba bonasi hupotea kwa sababu anayeipokea hana nidhamu. Makala hii inaipinga dhana hiyo kwa kuichunguza pesa ya mkupuo wa mwaka ilivyo Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani ambazo katika sensa ya 2019 zilikuwa na watu 1,136,187 na 987,653. Hoja inayotetewa ni kwamba kabla ya kulaumiwa mtumiaji, inafaa ilaumiwe tarehe. Pesa hiyo hufika wakati ambapo sehemu kubwa ya kazi ambayo ingeifanya imeshapitwa na msimu.

Kwanza bonasi yenyewe ieleweke. Nchini Kenya hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri wa kawaida kulipa mshahara wa mwezi wa 13. Sheria ya Ajira ya 2007 inalinda mshahara uliokubaliwa. Bonasi huwa haki pale tu mkataba wa mfanyakazi, au mkataba wa pamoja baina ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unapoitamka hivyo. Palipo na maneno "kwa hiari ya mwajiri", aliyekwisha kuipangia matumizi amepanga kwa pesa ya mtu mwingine.

Pili, kuna kodi. Bonasi huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato ya kazi, na hujumlishwa na mshahara wa mwezi inapolipwa. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10, zinazofuata hadi 32,333 hutozwa asilimia 25, na za juu ya hapo, hadi 500,000, asilimia 30. Tuchukue mfano wa karani anayepata shilingi 40,000 kwa mwezi, akapewa bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja. Mshahara wake tayari umeingia ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo bonasi yote inaangukia humo: 12,000 zinakwenda kwa Mamlaka ya Mapato, 28,000 zinabaki, kabla ya makato mengine yoyote. Ikiwa ana mtoto katika shule ya bweni ya kitaifa, mwongozo wa Wizara ya Elimu umeweka karo ya mwaka kuwa 53,554, na muhula wa kwanza huchukua nusu yake, yaani 26,777. Januari ikifika, bonasi imebakiza shilingi 1,223.

Hapo hakuna aliyekula Krismasi.

Ni kweli kwamba wanaopokea bonasi kwa jina hilo si wengi katika kaunti hizi mbili. Ajira rasmi huko hubebwa na walimu, wahudumu wa afya na watumishi wa kaunti, ambao kwa kawaida hawapewi bonasi bali posho ya likizo mara moja kwa mwaka. Wapokeaji wengi wa bonasi halisi ni wana wa Ukambani wanaofanya kazi Nairobi, Athi River na Mombasa na ambao nyumba, mashamba na wazazi wao wako Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi. Lakini bonasi ni moja tu katika jamii ya malipo yenye tabia moja. Kuna gawio la sacco, linalotangazwa katika mikutano ya mwaka ya miezi ya kwanza na kukatwa kodi ya asilimia 5. Kuna mgao wa chama, wanachama wanapolifungua sanduku na kugawana akiba pamoja na riba, mara nyingi Disemba. Kuna pesa ya maembe ya Makueni, ambayo msimu wake mkuu huanzia Disemba hadi Machi. Zote huja kwa mkupuo, na zote hujipanga upande mmoja wa mwaka.

Yakipangwa malipo haya kwenye kalenda, picha inayojitokeza ni ya kushangaza. Kampuni zinazofunga hesabu Disemba hutoa bonasi mwezi huohuo au husubiri ukaguzi, zikalipa kati ya Februari na Aprili. Sacco hulipa katika kipindi hichohicho. Vyama hugawana kabla ya Krismasi. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kama jangwa. Kwa mkazi wa mji wenye maji ya mfereji, mpangilio huo haumdhuru sana. Ukambani unadhuru, kwa sababu msimu unaotegemewa zaidi na mkulima wa huko ni wa vuli, Oktoba hadi Disemba. Masika ya Machi hadi Mei hayaaminiki. Miaka mingi huishia kuwa manyunyu. Mbegu za mtama, ndengu na kunde hutakiwa ziwe nyumbani mwanzoni mwa Oktoba, kwani wengi hupanda udongo ukiwa bado mkavu. Matuta huchimbwa wakati wa kiangazi, na tangi la maji sharti liwe limesimama kabla ya Novemba. Paa la mabati lenye mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 100 hutoa lita 5,000, kasoro kidogo kinachopotea. Tangi lililonunuliwa kwa bonasi ya Disemba linaikosa mvua hiyo, na huenda likangoja miezi kumi kabla ya kupata nyingine ya maana.

Wanazuoni wameijadili pesa ya mkupuo kwa muda mrefu. Milton Friedman alishikilia mwaka 1957 kwamba mtu hutumia kulingana na mapato anayoyatarajia kwa muda mrefu, kwa hiyo mkupuo mmoja haupaswi kumbadilisha. Richard Thaler alijibu kwamba watu huziwekea pesa mafungu kichwani, na fungu la bonasi halitumiki kama fungu la mshahara. Kenya yenyewe imetoa ushahidi ulio karibu zaidi. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, katika utafiti wao wa Rarieda uliochapishwa 2016, waligundua kwamba kaya zilizopewa msaada wa pesa kwa mkupuo ziliweka zaidi katika vitu vya kudumu kama mabati, ilhali zilizopewa kidogokidogo kila mwezi zilipata nafuu zaidi ya chakula. Hadi hapo hakuna ubishi mkubwa.

Ubishi unaanza tunapouliza pesa ya nje ya shamba imeifanyia nini Ukambani. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo hadi 1992 iliijumuisha Makueni. Walionyesha kwamba watu waliongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na badala ya ardhi kuangamia kama maofisa wa kikoloni walivyotabiri, mavuno kwa kila mtu yaliongezeka mara tatu na milima ikavishwa matuta ya fanya juu. Sababu mojawapo waliyoitaja ni mishahara iliyotoka mijini: karani, askari na fundi walituma pesa nyumbani, pesa ikalipa vibarua, ikanunua plau, ikasomesha watoto. Kazi ya mikono ya mwethya, ile ya majirani kusaidiana kwa zamu, ilikutana na pesa ya mshahara.

Simulizi hilo lilipendwa mno. Lilikuwa habari njema, na wafadhili walilibeba kama kielelezo cha Afrika nzima. Dianne Rocheleau na wenzake walikuwa tayari mwaka 1995 wameonya kwamba historia ya Ukambani ina migogoro na wapotezaji wengi kuliko linavyokiri. Pigo zito zaidi lilitoka Mbooni, ndani ya Makueni ya leo, katika utafiti wa John Murton uliochapishwa 1999. Murton alipoacha wastani wa wilaya na kutazama kaya moja moja, aliona mgawanyiko: wenye mapato mazuri ya nje waliweza kuitunza na kuiongeza ardhi yao, wasio nayo walibaki na udongo unaochoka. Muujiza wa Machakos, kwa maneno mengine, ulikuwa na mlango, na ufunguo wake ulikuwa ajira.

Makala hii inakubaliana na Murton kuliko na Tiffen, ila inaongeza jambo ambalo mjadala wote ule uliligusa kwa mbali. Kiasi cha mapato ya nje peke yake hakielezi nani aliyejenga matuta na nani aliyeshindwa. Inaelekea umbo na wakati wa mapato hayo vilikuwa na uzito pia. Shilingi elfu tatu zinazotumwa kila mwezi kwa simu huishia kwenye unga, sabuni na nauli ya hospitali, na ni haki yake kuishia hapo. Tuta, tangi na ng'ombe wa kulimia hudai pesa nyingi kwa siku moja, tena siku iliyo upande ufaao wa mvua. Wazee wa Ukambani wanaukumbuka ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Nikw'a Ngwete: watu walikufa njaa wakiwa na pesa mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwapo. Pesa iliyokosa wakati wake haikumwokoa mtu.

Mtetezi wa nidhamu atauliza: basi kwa nini mpokeaji asiitunze bonasi ya Disemba hadi Septemba? Jibu linapatikana Kiambu. Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello, katika utafiti wa 2019, waliona wafugaji wengi wakipendelea kuuza maziwa kwa ushirika unaolipa mwishoni mwa mwezi, ingawa wachuuzi waliwalipa papo hapo kwa bei bora. Wafugaji wale walijijua. Walikubali kupoteza kiasi ili mtu mwingine awashikie pesa hadi iwe mkupuo wa kutosha kazi. Hata wanachama wa chama cha akiba hufanya vivyo hivyo. Kumwambia mtu mmoja mmoja atunze pesa miezi tisa, huku mgonjwa, harambee na karo vikibisha hodi, ni kumtwika peke yake mzigo ambao taasisi ingeubeba kwa kubadili tarehe tu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine: je, malipo ya Disemba hadi Aprili hayana kazi Ukambani? Yanayo, na hapa tarehe ya sasa inastahili kutendewa haki. Mavuno ya vuli huingia ghalani kati ya Januari na Machi, wakati uleule karo inapodaiwa. Mkulima asiye na pesa huuza ndengu yake kwa madalali ikiwa imejaa sokoni na bei iko chini. Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walionyesha mwaka 2019, kwa wakulima wa mahindi wa magharibi mwa Kenya, kwamba mkopo mdogo uliotolewa wakati wa mavuno uliwawezesha kuhifadhi nafaka na kuiuza bei ilipopanda. Bonasi ya Disemba inaweza kufanya kazi ya mkopo huo bila riba: ikilipa karo, gunia la ndengu linabaki nyumbani. Inaweza pia kununua maturubai ya kuanikia na magunia yasiyopitisha hewa. Gharama hiyo si anasa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwafanya watu 317 mashariki na kati mwa Kenya waugue, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa.

Kwa hiyo pendekezo si kuihamisha bonasi yote, bali kuigawa. Sehemu ya kwanza ibaki Disemba au Januari kwa karo na ghala. Sehemu ya pili ilipwe mwishoni mwa Agosti au Septemba, kwa mbegu, vibarua wa matuta na tangi. Kwa karani wa mfano wetu, kugawanya hakumwongezei wala hakumpunguzii kodi, maana mshahara wake umeshafika ngazi ya asilimia 30 mwezi wowote. Mwajiri aliyekwisha kuifunga hesabu yake anabakiwa na pesa miezi michache zaidi. Mfanyakazi ndiye anayebeba hatari, kwa sababu anaweza kuachishwa kazi Juni, na kwa hilo mkataba uandike wazi kwamba sehemu ya pili imeshapatikana na italipwa hata akiondoka.

Ushahidi uliotolewa hapa una mipaka. Rarieda na Kiambu hazina ukame wa Kitui, na vitabu vya Machakos havikuandikwa kwa ajili ya swali la tarehe. Huenda pia kaya zisizo na ardhi mijini Mwingi na Emali zisifaidike chochote na mgao wa Septemba. Hata hivyo jaribio lenyewe ni rahisi kufanywa, na wanaoweza kulianzisha mara moja hawahitaji ruhusa ya bunge wala ya mwajiri. Vyama vya akiba hujiwekea tarehe vyenyewe. Sacco za walimu na za wafanyabiashara wa kaunti hizi mbili huamua katika mkutano mkuu namna gawio litakavyolipwa. Mkutano ujao wa mwaka uwape wanachama fursa ya kuchagua sehemu ya gawio ishikwe hadi Septemba, hesabu zitunzwe kwa misimu mitatu, na idara za kilimo za Kitui na Makueni zilinganishe matangi, matuta na mbegu za waliochagua na za wale ambao hawakuchagua.