Kwa nini wanaakiolojia hutangulia wachimba madini

Kusini mwa wilaya ya Isingiro, Uganda, Mto Kagera unapokuwa mpaka na Tanzania, madini ya bati na mabaki ya watu wa kale yako jirani. Bati lilianza kuchimbwa Kikagati katika enzi za ukoloni. Karibu na hapo, mahali paitwapo Nsongezi, pana pango la mwamba na kingo za mto zenye zana za mawe zilizofukiwa tabaka juu ya tabaka. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo katika wilaya hiyo hiyo.

Nsongezi iliingia katika vitabu vya historia kwa juhudi za mtu ambaye kazi yake ilikuwa miamba na madini. E. J. Wayland, Mwingereza aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda tangu mwaka 1919, alikuwa na mazoea ya kuandika zana za mawe alizozikuta na tabaka zilimotoka. Mazoea hayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Shoka la mawe lisilojulikana lilitoka kina gani na lililala pamoja na nini haliwezi kueleza mengi. Ni jiwe zuri tu. Baadaye Merrick Posnansky, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alishiriki kulichimba upya pango la Nsongezi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1963. Aliweza kurudi kwa sababu udongo ulikuwa bado upo. Tingatinga likishapita, hakuna wa kurudi.

Katika mto huo huo kuna kisiwa kidogo cha Kansyore, ambacho jina lake limepewa aina ya vyungu vya kale sana vilivyotengenezwa na wawindaji na wavuvi. Vyungu vya namna hiyo vimepatikana pia kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Tanzania. Wengi walidhani ufinyanzi uliletwa na wakulima. Vigae vya Kansyore viliwalazimu wataalamu kufikiri upya.

Utafiti unavyofanyika

Kazi huanza kwenye maktaba na ramani, kisha kwa wazee wa eneo, ambao mara nyingi wanajua palipokuwa na boma au tambiko. Baadaye wataalamu hutembea kwa mistari wakikagua ardhi, kwani vigae na mawe yaliyochongwa hujitokeza kwenye mashamba yaliyolimwa na kwenye mifereji ya mvua. Panapotia shaka huchimbwa mashimo madogo ya majaribio. Udongo huondolewa kidogo kidogo na kuchekechwa. Ripoti hupendekeza mgodi uhamishwe, eneo lizungushiwe uzio, au vitu vichimbuliwe na kuhifadhiwa kabla ya kazi kuendelea. Pendekezo hilo la mwisho ndilo linalopendwa na wawekezaji, ingawa ndilo linaloacha machache mahali pake.

Nchini Uganda, madini yaliyo chini ya ardhi yako mikononi mwa serikali, hata kama shamba lina mwenyewe. Sheria ya Madini ya mwaka 2022 inasimamia leseni, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa. Mambo ya kale yako chini ya idara ya makumbusho na kumbukumbu katika wizara ya utalii. Ugumu uko kwa wachimbaji wadogo wenye sururu na karai: mashimo yao hayatanguliwi na mtaalamu yeyote, nayo ni mengi.

Makaburi nayo huhesabiwa

Mkimbizi wa Nakivale hulima ardhi ambayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kuitumia bila kuiuza. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba utafiti wa namna hii haumhusu. Unamhusu. Makazi hayo yana umri wa zaidi ya miaka sitini, na tangu walipofika Wanyarwanda wa kwanza watu wamezaa na kuzika humo. Utafiti mzuri huorodhesha makaburi, pamoja na yale yasiyo na jiwe wala msalaba. Kaburi la mtu ambaye jamaa zake walirudi Rwanda au Burundi halina wa kulitetea siku ramani inapochorwa, isipokuwa jirani anayelikumbuka na akaulizwa.

Anayekuta kigae, mfupa au jiwe lililochongwa anashauriwa kukiacha kitu mahali pake, kukifunika kwa udongo na kumwarifu mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya makazi, ili habari ifike wilayani na kwenye makumbusho mjini Kampala. Kukiosha nyumbani au kukipeleka sokoni Mbarara kunakitenga na tabaka lake, na inakuwa vigumu zaidi kujua umri wake.