Msamaha wa Kosa Gani?

Kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, lilisikika tena lile neno la siku zote: wazee wana msamaha. Ni kweli sheria ya Tanzania haimtozi kodi hiyo aliyefikisha miaka 60 kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Linalonikera ni neno.

Husamehewa aliyekosa. Mzee aliyejenga chumba kimoja kimoja, mwaka huu msingi, mwaka ujao bati, na leo hana mshahara wala pensheni, amemkosea nani? Kaunti za Kenya zinapofuta adhabu na riba za waliochelewesha kodi ya ardhi, hapo msamaha uko mahali pake, maana yupo aliyechelewa. Mzee wetu hakuchelewa, hadaiwi kitu. Na neno hili lina madhara. Anayeomba msamaha huingia ofisini kwa unyonge na kutoka akishukuru kama aliyefadhiliwa. Anayejua haki yake huuliza kwa nini bado anakatwa.

Je, nafuu? Neno zuri, asili yake ni Kiarabu, maana yake manufaa, nasi tumelipeleka hadi kitandani kwa mgonjwa: amepata nafuu, yaani hajapona bado. Basi nafuu ya kodi iwe pale kodi inapopunguzwa. Ikiondolewa yote, tuseme nyumba haitozwi.

Kodi yenyewe nayo ina mambo. Neno hilohilo hubeba kinachotozwa na serikali na kile mpangaji anachompa mwenye nyumba kila mwezi. Bibi aliyehangaika nusu ya maisha ili aache kupanga akisikia anadaiwa “kodi ya nyumba”, ni kama amerudishwa kwenye upangaji ndani ya kuta zake. Hata “mwenye nyumba” humpa sura ya mtu anayekusanya pango, kumbe chumba cha pili wanalala wajukuu. Ndiyo maana napenda sheria iseme majengo.

Ila LUKU inasoma mita, haisomi umri. Halmashauri, andikeni kwenye fomu zenu “nyumba isiyotozwa”. Nawe mwenye mzazi aliyefikisha 60 na anaishi kwake, tazama risiti yake ya umeme. Ukikuta makato ya kodi ya jengo, mpeleke akadai yaondolewe.