Mihadhara ya Hisani ya Mwaka 1857

Tarehe 8 Juni, 1857, alifariki dunia mjini London mtunzi wa michezo na mwandishi wa magazeti aliyeitwa Douglas Jerrold, akiwa na umri wa miaka 54. Alikuwa mtu aliyepanda kutoka chini. Utotoni alitumikia katika manowari, kisha akajifunza kazi ya kupiga chapa, na mwaka 1829 mchezo wake mmoja wa kuigiza, wenye habari za baharia na mkewe, ulichezwa mamia ya mara. Wenye jumba la michezo walitajirika. Mtunzi hakupata hata pauni 100. Ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe na mkono wake ulikuwa wazi, na mtu mwenye mambo hayo mawili aghalabu haachi akiba kubwa.

Rafiki yake, Charles Dickens, alipata habari ya msiba huo akiwa ndani ya gari la moshi: abiria mmoja alifunua gazeti, akaisoma, na kuitamka kwa sauti. Dickens hakuwa mtu wa kulia tu. Baada ya muda mfupi alikuwa amekwisha kupanga mfululizo wa jioni za masomo, mihadhara na michezo, ambazo watu wangelipa kiingilio kuzihudhuria, mpaka zipatikane pauni 2,000 za kumtunza mjane wa marehemu na binti yake asiyeolewa. Sadaka ni desturi ya kale katika kila taifa. Lililokuwa geni hapa ni kumtaka mtu alipe fedha kwa ajili ya mjane asiyemjua, na badala yake apewe historia.

Katika jioni hizo, iliyostahili sifa zaidi ni ile ya mwezi Julai, katika ukumbi wa St Martin's Hall, alipopanda jukwaani William Howard Russell. Huyu alikuwa Mwairishi, mjumbe wa gazeti la The Times katika Vita vya Crimea, ambamo Waingereza, Wafaransa na Waturuki walipigana na Warusi. Siku chache kabla ya kufa kwake, Jerrold mwenyewe alikwenda pamoja na Dickens kumsikiliza Russell akijizoeza mhadhara wake. Alikuwa hajisikii vizuri, akadhani ni harufu ya rangi mbichi iliyopakwa dirishani kwake. Kwa hiyo maneno yaliyosemwa ukumbini kwa manufaa ya mjane yalikuwa miongoni mwa maneno ya mwisho aliyoyasikia mumewe akiwa mzima wa kutembea.

Na Russell alikuwa na mambo ya kusema. Tarehe 25 Oktoba, 1854, huko Balaclava, aliona kwa macho yake wapanda farasi zaidi ya 600 wakipelekwa mbele ya mizinga ya Warusi kwa sababu ya amri iliyofahamika vibaya. Aliona pia jambo lisilo na utukufu wowote: askari wakiganda kwa baridi, wakikosa viatu, chakula na dawa, ilhali mali ya serikali ilirundikana bandarini. Katika vita hivyo Waingereza walipoteza watu karibu 21,000, na kati yao takriban 16,000 waliuawa na maradhi, si na adui. Barua zake gazetini zilichangia kuiangusha serikali mapema mwaka 1855. Majemadari walimchukia, wala si ajabu, maana historia ya vita kwa desturi huandikwa na majemadari. Kwa mtu wa namna hiyo kualikwa kusimulia vita mbele ya hadhira iliyokuja kutenda wema, wakati makaburi ya Crimea yalikuwa bado mapya, ni dalili kwamba wema na ukweli waweza kuketi ukumbi mmoja.

Mwezi huo huo alizungumza William Thackeray, mshindani mkuu wa Dickens katika uandishi wa riwaya. Mhadhara wake ulihusu waandishi wa kuchekesha na fungu lao katika kuwafunza watu huruma. Asili yake ni ule alioutunga New York mwaka 1853, nao pia kwa ajili ya kuchangia maskini. Ndani yake alimsifu Dickens bila choyo. Mwaka uliofuata wawili hao waligombana, wakanuniana mpaka siku chache kabla ya kifo cha Thackeray mwaka 1863.

Lakini kilichovuta watu wengi kuliko mihadhara yote ni mchezo, The Frozen Deep, uliotungwa na Wilkie Collins kwa msaada mkubwa wa Dickens. Malkia Victoria alitaka kuuona. Kwa kuwa haikumpasa kuhudhuria hafla ya kumchangia mtu mmoja, alichezewa peke yake na wageni wake tarehe 4 Julai. Mwezi Agosti mchezo ukapelekwa Manchester. Dickens aliigiza shujaa anayekufa barafuni baada ya kumwokoa mshindani wake katika mapenzi, na hadhira ikalia machozi.

Machozi hayo yana historia yake. Mwaka 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini ya Amerika. Watu 129 walipotelea humo. Mwaka 1854 Dakta John Rae alirudi na habari alizopewa na Wainuit, wenyeji wa nchi ile: kwamba Wazungu hao walikufa kwa njaa, na kwamba waliokuwa wa mwisho walikula maiti za wenzao. Rae alileta na vyombo vya marehemu kuwa ushahidi. Dickens aliandika katika gazeti lake kwamba neno la washenzi halifai kuaminiwa, na kwamba huenda ni wao waliowaua wanamaji. Kwa haki yake, alimpa Rae nafasi ya kujibu katika gazeti hilo hilo. Lakini hakubadili rai, na kutokana na rai hiyo ndipo mchezo ulipozaliwa. Barafu ya jukwaani ilikuwa na mashujaa watupu. Basi katika kiangazi kimoja, kwa ajili ya mjane mmoja, London ililipa kusikia ukweli mchungu wa Crimea na kulipa tena, kwa furaha kubwa zaidi, kuona uongo mtamu wa kaskazini.

Pauni 2,000 zilitimia. Mtoto wa kiume wa kwanza wa marehemu hakupendezwa na shughuli yote hiyo, kwa kuwa ilimfanya baba yake aonekane kwamba alikufa fukara. Malalamiko yake yalikuwa na haki, maana anayechangiwa hadharani hutoa kitu ambacho hakiandikwi katika hesabu ya mapato.

Ama habari za Wainuit, zilikaa zikisimuliwa kwa mdomo kutoka mzee hadi mjukuu. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliichunguza mifupa ya wanamaji wa Franklin, wakakuta alama za visu. Mwezi Septemba 2014 Erebus ilionekana chini ya bahari katika eneo ambalo masimulizi hayo yalikuwa yakilitaja, na mwaka 2016 ikaonekana Terror, baada ya Mwinuit mmoja kuwaeleza watafutaji juu ya mlingoti aliowahi kuuona umechomoza katika barafu. Mwezi ule ule ilipopatikana Erebus, jiwe la kumkumbuka John Rae liliwekwa katika Westminster Abbey, karibu na sanamu ya Franklin. Limeandikwa jina la Rae. Waliompa habari hawamo.