Kipimo cha Kiongozi: Kutoka Utemi hadi Miiko ya Uongozi

Katika Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, mtemi wa zamani hakurithiwa na mwanawe. Wazee wa baraza, banang'oma, walimtafuta mrithi miongoni mwa watoto wa dada zake, wakamtawaza, kisha wakaendelea kumtazama. Ukoo ulimpa mtu haki ya kufikiriwa tu. Ubora wake ulionekana katika mvua, mavuno na uzima wa mifugo. Mvua zikikatika na njaa ikaingia, wazee hao hao waliweza kumwondoa. Kipimo hicho kilikuwa kikali, maana kilimtwisha mtemi lawama ya mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Hata hivyo, kilikuwa mikononi mwa watu walioishi naye.

Watawala wa Kijerumani walileta fikra nyingine kabisa. Walichukua vyeo vya pwani, yaani liwali, akida na jumbe, wakavipeleka bara. Mara nyingi akida alikuwa mtu wa pwani ajuaye kusoma na kuandika, asiye na ukoo katika nchi aliyopewa, na utumishi wake ulipimwa kwa kodi aliyokusanya na vibarua aliowafikisha shambani. Kwa Wajerumani, ugeni wake ulikuwa faida: hakuwa na ndugu wa kumwonea haya. Kusini mwa nchi, maakida na majumbe ndio waliosimamia kilimo cha pamba cha lazima, na Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mapema.

Gavana Donald Cameron, Mwingereza aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alishika imani iliyo kinyume: kwamba watu humtii kwa hiari yule ambaye tayari wanamtambua kuwa wao. Sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu mamlaka ya kutoa amri, na Shule ya Tabora ikawafundisha watoto wao. Kasoro ya mpango huu ilikuwa kubwa kuliko watawala walivyokubali. Chifu aliendelea kuheshimiwa kwa jina la mababu, lakini mshahara wake na usalama wa kiti chake vilitegemea boma. Wazee waliokuwa na uwezo wa kumwondoa walibaki na matambiko tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, machifu walitakiwa kusimamia amri za kuhifadhi udongo na kupunguza ng'ombe. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliinuka kupinga matuta ya lazima milimani. Chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilipata nguvu nyingi kutokana na manung'uniko ya namna hiyo. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa, chini ya serikali ya Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na mwanafunzi wa zamani wa Tabora.

Ukoo ulipoondolewa, ilibidi litafutwe jibu jipya. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwarudisha makwao na kutangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa, nalo liliutaja uongozi bora kuwa moja ya mambo manne yanayohitajika kwa maendeleo, pamoja na watu, ardhi na siasa safi. Miiko ya uongozi iliyowekwa humo haikuzungumzia kipaji, elimu wala ufasaha. Kiongozi wa chama au serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, na masharti hayo yalimhusu mume au mke wake pia. Hoja iliyo chini ya miiko hiyo ni nzito: hata mtu mwenye nia njema huvutwa na masilahi yake, basi dawa ni kuyaondoa masilahi yenyewe. Hakuna nadharia nyingine katika historia hii iliyomdai kiongozi kiasi hicho. Lakini mwamuzi alikuwa chama.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulisogeza hukumu karibu na wananchi. Ulimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu, na wafanyakazi viwandani wakaushika kama silaha dhidi ya mameneja wao. Migomo ikaenea, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa na kukiendesha wenyewe. Serikali ilipoanza kuwadhibiti wafanyakazi, nafasi hiyo ya kumpima kiongozi kutoka chini ilifinyika.

Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichochukua nafasi ya TANU, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti: hisa, mishahara zaidi ya mmoja na nyumba za kupangisha vikaruhusiwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikaja na nadharia nyingine, ya uwazi: kiongozi anaweza kuwa na mali, ila sharti aitamke, pamoja na madeni yake, kwa maandishi. Matamko hayo hupokewa na Sekretarieti ya Maadili, na mwananchi anayetaka kuyaona hana budi kutimiza kwanza masharti yaliyowekwa.